Kompyuta Bila Mlezi ni Chuma Kitupu

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, vijana walio katika vyuo vyetu vya ufundi husimama mbele ya jopo la waalimu na kueleza kazi waliyoifanya. Huyu ametengeneza programu ya simu ya kumsaidia mkulima; yule ameunda kifaa cha kupima kina cha maji kisimani; wa tatu ameandika mfumo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati. Waalimu huuliza maswali mawili matatu, alama hutolewa, ripoti hutiwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, kisha hupangwa rafuni. Mwaka ufuatao vijana wengine huja, husimama pale pale, na mara nyingi huianza kazi ile ile tangu mwanzo kana kwamba hapakuwa na mtu aliyewatangulia.

Leo twataka kuuliza swali moja, nalo twaliuliza bila chuki na bila kumwonea mtu haya. Kazi hiyo hufia wapi, na ni nani aliyeiacha ife?

Msomaji aweza kudhani kwamba jambo hili ni la wasomi peke yao, na kwamba halimhusu mfanyakazi. La hasha! Mfanyakazi wa leo, awe karani wa bandari, muuguzi, dereva au mpakuzi wa mizigo, maisha yake hupita ndani ya kompyuta apende asipende. Mshahara wake hukokotolewa humo. Mchango wake wa pensheni huandikwa humo. Akienda kulipa ada ya serikali, hupewa namba ya malipo itokayo humo. Mtu asiyejua chombo hicho kimeundwaje, wala hana ndugu awezaye kukitengeneza kinapoharibika, ni abiria katika jahazi ambalo nahodha wake hamjui. Siku bahari itakapochafuka, hatakuwa na wa kumwuliza.

Historia yetu wenyewe inatosha kutuonya. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa fahari kubwa, na matumaini yalikuwa makubwa vile vile, kwani ilitarajiwa kwamba hesabu za serikali sasa zitakwenda upesi na bila makosa. Lakini kazi ya kuhamisha hesabu hizo kutoka katika vitabu na kuziingiza katika mashine haikufaulu. Hesabu ziliparaganyika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo imekwisha ondolewa zamani. Hata hivyo sababu zake hazifai kusahauliwa. Waliolichunguza jambo hilo baadaye wametaja uchache wa wataalamu wetu wenyewe, pamoja na kuwategemea mno wataalamu wa kigeni, ambao wakiisha kuondoka huondoka na maarifa yao. Mashine ilitangulia, watu wakaachwa nyuma. Nayo mashine isiyo na watu wake ni chuma kitupu.

Tuyatazame sasa mambo ya miaka ya karibuni. Mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, ujulikanao kwa jina la GePG, ulianza kazi mwaka 2017, nao ulijengwa na wataalamu wa hapa hapa nchini. Mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, ulijengwa pia na vijana wetu, ukachukua mahali pa mfumo uliotengenezwa na kampuni ya ng'ambo. Yaliyotushinda mwaka 1974 leo twayaweza. Lakini wajenzi hao hawakushuka kama mvua. Kila mmoja wao alikuwa mwanafunzi siku moja, na mahali fulani alikuwapo mtu aliyemkalisha kitako, akamwonyesha kosa lake, akamwambia, "Rudia." Taifa litakalo wajenzi wengi zaidi halina budi kuwatafuta watu wa namna hiyo, kuwatunza na kuwazidisha.

Sasa tuseme maana ya utafiti tunaouzungumzia. Upo utafiti utafutao kujua tu, nao una heshima yake. Upo na utafiti wa matumizi, ambao huanza na shida ya mtu na haumaliziki mpaka shida hiyo imepungua. Chuo cha ufundi kiliumbwa kwa ajili ya huu wa pili. Mfano mzuri watoka Arusha. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia walikwenda kwa wafugaji wa kuku wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, wakapiga picha za vinyesi vya kuku kwa simu za mkononi. Wajuzi wa mifugo waliyatambua magonjwa katika picha hizo, na vinyesi vingine vikapimwa maabara. Kisha kompyuta ikafundishwa kutofautisha kuku mzima na kuku mwenye kuhara damu, salmonela au mdondo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Mfugaji mdogo ajua thamani ya jambo hilo, kwani mdondo ukiingia bandani jioni, asubuhi huenda asikute kuku hata mmoja aliyesimama.

Ndugu msomaji, itazame kazi hiyo kwa makini. Ndani yake mna mjuzi wa kompyuta, mganga wa mifugo, mtu wa maabara na mfugaji mwenyewe. Kijana wa miaka 22 hawezi kuwakusanya watu hao wote peke yake. Hawajui, nao hawamjui. Mwalimu wake ndiye mwenye kuwajua, na ndiye mwenye barua, sauti na heshima ya kubisha hodi.

Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Tuchukue kijana aliyeachwa afanye kazi kama hiyo peke yake. Atakusanya picha, ataifundisha kompyuta, kisha atatangaza kwa furaha kwamba mashine yake imepatia mara 98 katika kila mara 100. Hatajua kwamba picha zote za kuku wagonjwa alizipiga katika banda moja lenye sakafu ya saruji, na za kuku wazima katika banda jingine lenye pumba za mbao. Kompyuta haikujifunza ugonjwa, ilijifunza sakafu. Akimpelekea mfugaji chombo hicho, kitamwambia kuku wake ni wazima huku wakifa. Kosa la namna hiyo halimo katika hesabu, wala mashine haitalisema. Hulijua mtu aliyekwisha lifanya zamani, akaumia, akajifunza. Mtu huyo ndiye tumwitaye mlezi.

Kulea mwanafunzi katika kazi si jambo geni kwetu, wala halikuletwa na meli. Lugha yetu yenyewe yashuhudia. Fundi, ufundi, mwanafunzi na kufundisha ni maneno ya ukoo mmoja, na mzizi wake ni kufunda. Wahenga hawakumtenga mwenye kufanya na mwenye kufundisha. Nenda Nungwi, au nenda Matondoni huko Lamu, ukawatazame waundaji wa majahazi. Kijana huanza kwa kuokota vibanzi na kushika ubao. Baadaye hupewa kukalafati, kisha hupewa tezo. Fundi mkuu hamwachii tezo akaenda zake sokoni. Yupo, anatazama, na mkono wa kijana ukipotoka huushika. Chombo kikishushwa majini na kikavuja, aibu ni ya wote wawili. Huo ndio ulezi: kushiriki kazi moja na kushiriki aibu yake.

Je, ndivyo ilivyo katika vyuo vyetu? Mahali pengine ndivyo, nasi twawapongeza waalimu hao ambao majina yao hayaandikwi magazetini. Lakini mahali pengi usimamizi wa mradi umekuwa ni sahihi tu. Mwanafunzi humvizia mwalimu mlangoni mwa ofisi au penye ngazi, karatasi mkononi. Mwalimu hutia sahihi kwa kuiegemeza ukutani, kila mtu akaenda zake. Kutokana na hali hiyo imezaliwa biashara ya aibu. Wapo watu mitaani wanaouza miradi iliyokwisha tengenezwa kama wauzavyo mitumba, na mwanafunzi hununua mfumo wa maktaba au wa kugawa vyumba vya bweni ambao umekwisha pita mikononi mwa watu kumi kabla yake. Hupata cheti. Mwajiri akimpa kazi siku ya kwanza, cheti hicho hakimsaidii.

Hatusemi hayo ili kumtupia mwalimu lawama zote. Mwalimu naye ni mfanyakazi. Ana vipindi vingi, ana mitihani ya kusahihisha, na wanafunzi wa kuwasimamia miradi ni wengi kuliko awezavyo mtu mmoja. Akitaka kupanda cheo, huulizwa amechapisha maandishi mangapi. Haulizwi amelea vijana wangapi, wala kazi zao zimefika wapi. Mtu hufanya kile anachopimwa nacho. Tukiwapima waalimu kwa karatasi, watatupa karatasi.

Tena mwalimu kijana naye huhitaji mlezi. Hili husahauliwa sana. Aliyemaliza shahada yake mwaka jana kwa alama za juu hupewa darasa la watu mia mwaka huu, huambiwa pia asimamie miradi, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuuliza swali la utafiti, kuomba fedha za kazi, au kuzungumza na mwenye kiwanda. Naye huwafanyia wanafunzi wake kama alivyofanyiwa. Basi kasoro hurithiwa kama mali. Mwalimu mkongwe ana deni la kumshika mkono mwenzake mdogo, na chuo kina deni la kuhakikisha kwamba jambo hilo linafanyika kwa utaratibu, lisiachwe kwa hisani ya mtu na mtu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni usumbufu, maana programu zinauzwa tayari duniani, na kununua ni rahisi kuliko kulea. Twajibu kwamba kununua kunafaa mahali pake. Hakuna taifa lijitengenezealo kila kitu. Lakini anayenunua bila kujua hulipa mara nyingi. Hulipa anaponunua, hulipa kila mwaka ili aruhusiwe kuendelea kutumia, na hulipa tena akitaka kubadili neno moja tu ili lifuate sheria yake mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata si ndugu.

Wengine watasema kwamba siku hizi akili mnemba yaandika programu yenyewe, kwa hiyo mlezi wa nini? Sisi twaona kinyume chake. Zamani kijana asiyejua alishindwa kuandika, na kushindwa kwake kulionekana. Leo huweza kuleta kazi nzuri kwa macho ambayo hawezi kuieleza mstari kwa mstari. Tofauti kati ya aliyejifunza na aliyenakili haionekani tena katika karatasi, huonekana mtu na mtu wakikaa meza moja, mmoja akimwuliza mwenziwe, "Kwa nini ulifanya hivi, na ingekuwaje kama ungefanya vile?" Chombo hicho kipya chaweza kumsaidia kijana kwenda haraka. Hakiwezi kumwambia kwamba njia aliyoishika siyo.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu fedha nyingi zimekwisha tumika. Chuo cha ufundi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1957, na ambacho kwa sheria ya mwaka 1997 kilifanywa kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni miongoni mwa vyuo vilivyochaguliwa katika mradi wa EASTRIP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2018 kwa ajili ya Tanzania, Kenya na Ethiopia. Makao yake makuu yalipewa kituo cha teknolojia ya habari na mawasiliano, na tawi lake la Mwanza likapewa kituo cha ngozi. Arusha walipewa nishati jadidifu huko Kikuletwa, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kikapewa mambo ya usafiri. Fungu la Tanzania lilikuwa dola za Marekani milioni 75, nazo ni mkopo. Mkopo hulipwa, na mlipaji ni mkulima na mfanyakazi. Majengo yatasimama na mashine zitawaka. Hayo hayana shaka. Lakini katika majengo hayo yatupasa kuuliza kila mwaka: ni shida gani ya mwananchi imepungua kwa kazi iliyotoka humu? Mwaka 1965 tulinunua mashine. Tusirudie kununua mashine.

Basi yafanywe nini? Sisi twaona mambo matano.

Kwanza, swali la mradi litoke mahali pa kazi. Bandari, hospitali ya wilaya, chama cha ushirika, idara ya maji na kiwanda viandike shida zao, na chuo kiziweke hadharani ili wanafunzi wachague kutoka humo. Mfumo wa kugawa vyumba vya bweni upumzishwe. Umekwisha buniwa vya kutosha.

Pili, idadi ya wanafunzi wa mlezi mmoja iwe na kikomo, na kila juma wakutane kwa saa inayojulikana, mbele ya kazi yenyewe. Daftari la mikutano hiyo liwepo, na wasahihishaji walisome kabla ya kutoa alama.

Tatu, ulezi uhesabiwe katika kupandisha vyeo. Mwalimu ambaye kazi za wanafunzi wake zinatumika katika zahanati tatu amefanya utafiti, hata kama hakuchapisha ng'ambo. Na mwalimu mpya asipewe mradi wa kusimamia mpaka awe amesimamia mmoja bega kwa bega na mkongwe.

Nne, kazi irithiwe. Ripoti, programu na takwimu za mwaka huu zikabidhiwe kwa wanafunzi wa mwaka ujao, waanzie pale wenzao walipoishia. Nyumba haijengwi kwa kila fundi kuchimba msingi wake.

Tano, na hili latuhusu sisi wafanyakazi na wanachama moja kwa moja: tuwapokee vijana hao vizuri. Vijana wa mafunzo kwa vitendo, wale tuwaitao watu wa fildi, mara nyingi tukiwapata huwatuma chai, hutoa nakala za karatasi, na siku ya mwisho huandikiwa kwamba wamefanya vema. Huo ni udanganyifu, na tunaodanganywa ni sisi. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina kituo chake cha utafiti na ubunifu huko Dodoma, ambako wanafunzi wa vyuo hupokelewa na kufanya kazi pamoja na watumishi. Jambo liwezekanalo huko lawezekana pia kwa kiasi chake katika karakana, ghala na ofisi ya kila mahali. Mfanyakazi aliyekaa miaka 20 katika ghala anajua mzigo hupotelea wapi. Hakuna chuo kifundishacho jambo hilo. Akimwambia kijana, amekuwa mwalimu naye.

Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu imtengayo mwanafunzi na jamii inayomsomesha. Kompyuta haikufuta lalamiko hilo. Imelizidisha, kwani kijana aweza leo kukaa mbele ya kioo kutwa nzima, akajua habari za dunia yote, asijue kwamba zahanati iliyo nyuma ya ukuta wa chuo chake bado huandika wagonjwa katika daftari lililochanika.

Kwa waalimu twasema: mna heshima kubwa, itumieni kufungua milango ambayo mwanafunzi hawezi kuifungua. Kwa wanafunzi twasema: msinunue mtakachokuja kuulizwa, kuuliza si ujinga, na mwalimu aulizwaye sana hulazimika kujua zaidi. Kwa wakuu wa vyuo twasema: kabla ya kuomba mashine nyingine, hesabuni walezi mlio nao. Na kwetu sote wenye kulipa gharama hizo, twende siku ile vijana watakapoonyesha kazi zao, tukaketi mstari wa mbele, tuwaulize swali tunaloliuliza leo: kazi hii, ukiisha kuondoka, nani ataiendeleza?